Kibali cha mipango si leseni ya mbio, tuelewane hapo kwanza

Tangu Juni 2025, FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, walipokubali michoro ya kuiboresha Kyalami, uwanja wa mbio wa Afrika Kusini, kila nikifungua simu nakutana na mtu anaandika "Kyalami imepata kibali, F1 inarudi Afrika", yaani mbio za Formula 1. Na wengine wanaiunganisha Rwanda humohumo, eti kwa kuwa Kagame alitangaza pale Kigali Desemba 2024 kwamba nchi yake inaomba kuandaa mbio, basi kibali kipo, bado kumwaga lami tu. Sasa kibali kipi jamani? Kwenye hii shughuli ya kujenga au kuboresha uwanja wa mbio za magari kuna ruhusa za watu wanne watano tofauti, ambao wala hawakai ofisi moja, na hamna hata moja inayofanya kazi ya mwenzake. Walichotoa FIA kwa Kyalami sio kibali cha mipango. Na hicho cha mipango ndo kinachoniuma mimi, maana ndo kinachotajwa kuliko vyote na ndo kinachoeleweka kidogo kuliko vyote.

Maana yake haina urefu. Kibali cha mipango ni ruhusa ya mamlaka ya eneo, mara nyingi halmashauri, kwamba ardhi ile inaweza kujengwa kitu fulani au kutumika kwa namna fulani, kwa masharti waliyoyaandika. Basi. Hakisemi kona ni salama, hakisemi hela ipo, hakisemi mbio gani zitakuja, na (hapa ndo watu wanapopotea kabisa) hakimwambii jirani anyamaze.

Tuende kilikotoka, maana huko ndo utaelewa kwa nini kiko hivyo. Uingereza walipitisha sheria ya mipango ya miji na vijiji mwaka 1947, ikaanza kazi 1 Julai 1948. Kabla ya hapo mwenye shamba alikuwa na uhuru mkubwa wa kuamua ajenge nini. Baada ya hapo shamba likabaki lake ila haki ya kuliendeleza ikawa ya kuomba. Na "kuendeleza" kwenye ile sheria kuna sehemu mbili: kujenga, kuchimba na mambo kama hayo, halafu kubadili matumizi ya ardhi kwa kiasi cha maana, hata kama hujaweka tofali. Hiyo sehemu ya pili ndo watu wanaisahau, na kwetu ipo vilevile, sheria ya mipango miji ya Tanganyika ya 1956 ilitungwa na Waingereza haohao, na mpaka leo mtu wa Dar au Nairobi akitaka kugeuza nyumba ya kuishi iwe baa anatakiwa aombe kubadili matumizi, kuta zikiwa zilezile.

Kwa nini nang'ang'ania matumizi? Kwa sababu viwanja vingi vya mbio vya Uingereza havikujengwa kama viwanja vya mbio. Silverstone, Croft, Snetterton, Thruxton, Castle Combe, vyote hivyo vilikuwa viwanja vya ndege vya vita, vita vikaisha lami ikabaki, watu wakaleta magari. Silverstone ikaandaa ile mbio ya kwanza kabisa ya ubingwa wa dunia wa F1, 13 Mei 1950, juu ya barabara ambazo zilitengenezwa kwa ajili ya ndege za jeshi. Kwa hiyo kwa mtu wa mipango swali la kwanza halikuwa "mmejenga nini", lilikuwa "mnafanya nini hapa, siku ngapi kwa mwaka".

Siku ngapi. Hiyo ndo hesabu yenyewe. Kanuni za England zinamruhusu mwenye ardhi kuitumia kwa shughuli ya muda siku 28 kwa mwaka bila kuomba kibali chochote, ila kama shughuli ni soko la muda au mbio za magari na pikipiki, pamoja na mazoezi yake, ni siku 14 tu. (Nani aliyekaa akaona mnada wa mitumba na mbio za pikipiki ni kero za ukoo mmoja sijui, ila nikikumbuka mnada ulivyo naona hakukosea sana.) Ukizidisha hapo umeshabadili matumizi, kaombe. Na ukiomba, hawatakupa "ndiyo" tupu, watakupa ndiyo yenye masharti: saa za kuwasha injini, siku za kelele kubwa na siku za kelele ndogo, desibeli zipimwe wapi, taa zizimwe saa ngapi, maji ya mvua yaende wapi ukishatandaza lami ekari na ekari ambazo zamani zilikuwa majani yanayonyonya maji, magari ya watazamaji yaingilie wapi na yatokee wapi. Hilo la magari lisikieni kwa Silverstone ya 2000, mbio zilipangwa Aprili, mvua ikanyesha, maeneo ya kuegesha ambayo ni mashamba tu yakageuka tope mpaka siku ya Jumamosi wakafunga maegesho ya watazamaji. Barabara ya A43 iliyopanuliwa na kukipita kijiji cha Silverstone pembeni ilikuja kufunguliwa 2002. Uwanja wenyewe, kwa kuongezea, umekaa juu ya mpaka wa Northamptonshire na Buckinghamshire, kwa hiyo mwenye uwanja akitaka kujenga sana anaweza kujikuta anabisha hodi kwenye halmashauri mbili kwa mradi mmoja.

Waholanzi nao hesabu yao ya siku iko wazi zaidi. Zandvoort, ule uwanja uliopo kwenye matuta ya mchanga kando ya bahari, una siku 12 tu kwa mwaka za kelele isiyobanwa na kikomo cha kawaida. Uwanja ulishakatwa kipande cha kusini miaka ya 1980 kwa sababu ya ugomvi wa kelele, pakajengwa nyumba za likizo. Walipotaka kuurudisha kwenye F1 wakajenga upya kona, ile ya Hugenholtz na ile ya mwisho wakaziinua upande mmoja karibu digrii 18, kila mtu akashangilia kona, kumbe kazi kubwa ilikuwa mahakamani, watu wa mazingira wamewashtaki kwa ajili ya vyura na mijusi wa kwenye matuta na uchafu wa naitrojeni utakaoangukia hifadhi iliyo jirani. Kona ilijengwa sawa, ila kabla ya kona ilibidi mtu amjibu chura.

Sasa leseni ya FIA ni kitu kingine kabisa. Hiyo inaangalia gari na dereva. Gari likiacha njia lina nafasi gani ya kupunguza mwendo kabla ya kugonga, ukuta wa matairi umekaa wapi, uzio unazuia vipande visiwafikie watazamaji, hospitali ya uwanjani ikoje. Viwanja vinapangwa kwa daraja, F1 wanataka daraja la kwanza, na leseni ikitoka inaisha, haizidi miaka mitatu bila kukaguliwa tena. Kibali cha mipango kawaida hakiishi hivyo, kikishatumika kinakaa na ardhi, hata uwanja ukiuzwa mnunuzi anakirithi pamoja na masharti yake yote. Unaona tofauti? Kimoja kinamfuata mkaguzi na kingine kinaifuata ardhi. Daladala inaweza kufaulu ukaguzi wa breki na bado isiwe na ruhusa ya kupita njia ya Mbagala, hilo hakuna asiyelielewa, ila likija suala la F1 watu wazima wanachanganya.

Na hata ukishika vyote viwili, kuna jirani. Hapa nitakaa kidogo.

Croft iko North Yorkshire, kiwanja cha ndege cha zamani kama nilivyosema, ina kibali cha mipango kilichopatikana mwaka 1998 baada ya rufaa, na wenye uwanja walijifunga kwa maandishi kuhusu kelele, siku zimepangwa kwa makundi kuanzia zenye kelele kubwa kabisa mpaka zisizo na shida. Kila kitu kisheria. Majirani wakaenda mahakamani wakasema bado hatulali. Wenye uwanja wakajibu, sisi tuna kibali, na kibali kile kimeshabadilisha tabia ya eneo, hapa ni mahali pa mbio siku hizi. Mahakama ikakataa, ikasema hapo bado ni shamba na utulivu wa shamba, kibali hakijapageuza. Jaji wa kwanza akawapa majirani fidia ya karibu pauni 150,000, kisha Mahakama ya Rufaa Januari 2009 ikaongeza na zuio: siku za kelele zisizidi 40 kwa mwaka. Yaani halmashauri na wenye uwanja walikuwa na makubaliano yao, na mahakama ikaja na namba yake.

Watu wakasema hiyo ni kesi moja. Ikaja ya Mildenhall, Suffolk, uwanja wa mbio za pikipiki na magari wenye kibali tangu 1975, na nyuma yake njia ya motokrosi. Watu wakanunua nyumba umbali wa nusu kilomita na ushee, mwaka 2006, yaani wameukuta uwanja upo. Wakashtaki. Mahakama ya Rufaa ikawapa ushindi wenye uwanja, shauri likapanda mpaka Mahakama ya Juu, na Februari 2014 ikaamuliwa kwamba kuwa na kibali cha mipango kwa kawaida hakumsaidii mtu anayeshtakiwa kwa kero, na kwamba kusema "umenikuta" peke yake sio utetezi. Walikubali kitu kimoja kinachochekesha, kwamba haki ya kupiga kelele inaweza kupatikana kwa kuipiga miaka 20 kama ina sifa za kisheria, ila wenye uwanja wakashindwa kuithibitisha. Halmashauri inapotoa kibali inapima maslahi ya umma, haina mamlaka ya kumnyang'anya jirani haki yake na kumkabidhi mwenye uwanja bila malipo. Ndo mantiki yake, na mimi naiona ni mantiki nzuri, ingawa najua mashabiki wa magari mtanichukia.

Wa mwisho kumtaja ni Donington, uwanja mwingine wa Uingereza, huyu namweka kwa wale wa "kibali kimetoka, bado kujenga". Julai 2008 Donington walitangazwa kwamba wataandaa British Grand Prix, mbio za F1 za Uingereza, kuanzia 2010, yaani mkataba wa mbio wanao. Januari 2009 halmashauri ya North West Leicestershire ikakubali maombi yao, yaani kibali cha mipango nacho kipo. Wakaanza kuchimba, uwanja ukafumuliwa. Kilichokosekana ni hela, mpango wa kuuza hati za mkopo za pauni milioni 135 ukafeli Oktoba, Novemba kampuni ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, Desemba Silverstone wakasaini miaka 17. Lami ya Donington ilibaki na shimo na mbio zikarudi pale baadaye kidogo tu baada ya kufukia na kutengeneza upya, mbio za kawaida, sio F1. Kibali hakikuwa na kosa lolote. Kilisema mnaweza kujenga, hakikusema mtajenga.

Na hapo ongezea kitu kinaitwa kibali cha awali, ambacho miradi mikubwa ya England huanza nacho: halmashauri inakubali wazo, halafu mambo kama muonekano, mpangilio, ukubwa, njia za kuingilia na mandhari yanaweza kuachwa yaletwe baadaye kuombewa tena. Kwa kawaida una miaka mitatu kuyaleta. Magazeti yanaandika "uwanja mpya wapitishwa", na ukiangalia ndani kilichopitishwa ni kwamba hapa panaweza kuwa na uwanja na hoteli, hoteli ya ghorofa ngapi tutajua.

Turudi Kyalami. Uwanja uko Midrand, kati ya Johannesburg na Pretoria, ulianza 1961, F1 ya mwisho ilikimbia pale 1993. Toby Venter aliununua kwa mnada 2014 kwa randi milioni 205 akautengeneza upya. Mbio ni matumizi yake kwa zaidi ya miaka 60, na miji imeusogelea pande zote, kipande kikubwa cha njia ya zamani ni ofisi siku hizi. Walichokubali FIA mwaka 2025 ni mchoro wa kuupandisha kutoka daraja la pili kwenda la kwanza: maeneo ya pembeni, vizuizi, kingo za kona, mifereji, bila kugeuza njia yenyewe, na kazi wamepewa miaka mitatu kuifanya. Wakimaliza wakakaguliwa wakafaulu, ndo leseni ya daraja la kwanza. Mkataba wa F1 unasainiwa na watu wengine kabisa, kwa hela nyingine kabisa.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeandika "Kyalami imepata kibali", wala sikugombezi, andika tu "FIA wamekubali mchoro wa Kyalami". Na wa Rwanda andika "Rwanda imeomba". Neno kibali liwekeni akiba, siku ambayo halmashauri fulani itatoa karatasi yenye masharti na idadi ya siku za kelele, hapo litumieni, na mkilitumia mtuwekee na hiyo idadi ya siku.