Senta bora wa NBA wa muda wote: dhana potofu ninazozisikia kila wiki

Nafundisha vijana wanaocheza chini ya ringi hapa Dar, na kila wakikaa kupumzika mjadala ni ule ule, nani senta (yule mrefu anaecheza karibu na ringi) mkali kuliko wote waliowahi kucheza NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, Kareem Abdul-Jabbar au Shaquille O'Neal (Shaq) au Wilt Chamberlain au Hakeem Olajuwon. Mjadala wenyewe naupenda sana, nisiseme uongo. Kinachonichosha ni hoja zinazotumika, maana nyingine hazina ukweli hata kidogo na kijana akizibeba zinamharibia mpaka uchezaji wake. Kwa hiyo naziandika hapa, nikiulizwa tena namtumia mtu hii asome.

"Senta ni mwili tu, ukishakuwa mrefu na mzito kazi imeisha."

Hii ndo inayonikera kuliko zote na ntakaa nayo. Naisikia kwa vijana, naisikia kwa wazazi wanaoleta mtoto, kocha huyu ana miaka kumi na tano tu na mlango wa nyumbani anainama, huyu ni Hasheem Thabeet mwingine, yule Mtanzania aliyefika NBA. Jamani. Kama urefu ungekuwa ndo kila kitu mjadala tungeufunga leo leo, maana warefu kuliko wote waliocheza ile ligi ni Manute Bol wa Sudan na Gheorghe Mureșan wa Romania, futi 7 na inchi 7 kila mmoja, karibu mita 2.31. Hamna anayewaweka kwenye kumi bora ya masenta, na hapo Manute mimi namheshimu sana, alimaliza NBA akiwa na bloku 2,086 na pointi 1,599, yaani alizuia mipira mingi kuliko pointi alizofunga.

Sasa waangalie walioibeba ligi. Bill Russell wa Boston Celtics, futi 6 na inchi 10. Moses Malone, futi 6 na inchi 10, MVP (mchezaji bora wa msimu) mara 3. Hakeem Olajuwon walimwandika futi 7 ila ukimuona amesimama na David Robinson, senta wa San Antonio, unajua kabisa hazifiki. Wes Unseld alikuwa na futi 6 na inchi 7 tu, huo ni urefu wa winga, na msimu wake wa kwanza kabisa wa 1968-69 akachukua tuzo ya mchezaji bora chipukizi na MVP vyote viwili, kitu ambacho kabla yake alishakifanya Wilt Chamberlain peke yake. Ben Wallace hata hakuchaguliwa kwenye drafti (pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu), timu zote zilimpita, na akaja kuwa mlinzi bora wa ligi mara 4.

Kinachowaunganisha hawa ni miguu. Miguu na kujua wakati. Hakeem kakulia Lagos akidaka mpira wa miguu na kucheza handball, mpira wa kikapu kaanza ana miaka kama 15 hivi, 1980 kaenda chuo kikuu cha Houston, na kiangazi anaenda kwenye ukumbi mmoja pale mjini unaitwa Fonde kusukumana na Moses Malone ambae tayari alikuwa MVP na alikuwa hamuonei huruma hata kidogo. Golikipa anasogea kwa hatua fupi fupi, uzito uko kwenye vidole. Hivo vitu Hakeem alikuja navyo kutoka nyumbani. Ile Dream Shake yake, chenga yake maarufu, ichukueni taratibu: anapokea mpira pembeni ya ringi, mgongo kwa mlinzi. Bega na kichwa vinaenda katikati, mlinzi anahama nae, kumbe mguu mmoja umebaki umekita pale pale. Anageuka upande wa mstari wa mwisho, ananyanyua mpira kama anarusha, mlinzi anaruka, yeye bado yuko chini, anapitisha hatua moja chini ya mkono wa yule mtu na kuuweka mpira kwenye ubao bila haraka. Ameruka mara moja tu katika yote hayo. Rudieni video yake muangalie viatu, msiangalie mpira. Hicho ndo alichokipata David Robinson mwaka 1995 kwenye fainali ya Magharibi (nusu fainali ya ligi), Robinson akiwa MVP wa msimu huo huo, mrefu kuliko Hakeem na mwepesi hasa, na mechi zile sita Hakeem akazimaliza kwa wastani wa pointi 35.3.

Hapo lazima mtu aniambie lakini kocha Shaq si mwili ule. Mwili ulikuwepo, sibishi, ila watu wa futi 7 wenye uzito wamepita wengi NBA na hakuna aliyefunga wastani wa pointi 38 kwenye fainali kama yeye mwaka 2000 dhidi ya Indiana. Shaq akihisi mlinzi kamlalia upande mmoja, mguu wa upande wa pili anautupa nyuma kuelekea ringi, hatua moja tu na mlinzi ameshabaki mgongoni, hata haja ya kumsukuma hamna tena. Na Kareem je, skyhook ile, mtupo wake wa mkono mmoja juu ya kichwa, unaitupa kwa mwili? Mguu wa kushoto unakita, goti la kulia linapanda, bega la kushoto linakaa kati yako na mlinzi, mpira unaachiwa juu kabisa mkono ukiwa umenyooka. Misimu 20, MVP mara 6, na mwaka 1985 alikuwa na miaka 38 bado akawa MVP wa fainali, umri ambao hayo mabavu mnayoyasema yalishaondoka zamani.

Hata huyu wa mwanzo kabisa, George Mikan, alipofika chuo cha DePaul alikuwa mrefu mwenye miwani anaejikwaa, kocha wake Ray Meyer akamrukisha kamba, akamtafutia wa kumfundisha kucheza dansi, halafu akamrushisha mpira mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kulia, kushoto, chini ya ringi bila kupumzika. Zoezi lile mpaka leo linaitwa la Mikan na dunia nzima inalifanya. Mimi kwangu ni kila siku kabla hujagusa kitu kingine chochote, na kamba dakika kumi, na kijana anaekuja kuniambia wiki nzima kanyanyua vyuma wakati hawezi kugeukia mguu wa kushoto bila refa kupuliza kwamba katembea na mpira, huyo namrudisha kwenye kamba. Mtaninunia ila nitawarudisha tu.

Na Thabeet mnaemtaja, heshima yake ni kubwa, Mtanzania wa kwanza NBA, chaguo la 2 la drafti ya 2009, James Harden akafuata wa 3 na Stephen Curry wa 7, wote wakaja kuwa mastaa. Lakini kule chuo kikuu cha Connecticut (UConn) alikuwa mlinzi bora wa ligi yao ya Big East mara mbili kwa sababu alijifunza kusubiri, kuruka wa mwisho, sio kwa sababu mama yake alimzaa mrefu. Hiyo sehemu mnairuka mkimhadithia.

"Hakeem ndo mzuiaji namba moja, namba zinasema."

Bloku 3,830 ni rekodi ndiyo, wa pili Dikembe Mutombo wa Kinshasa mwenye 3,289, wa tatu Kareem na 3,189. Ila NBA ilianza kuhesabu bloku msimu wa 1973-74. Russell alishastaafu, Wilt nae ndo katoka, na misimu minne ya kwanza ya Kareem, akiwa kijana anaeruka kweli kweli, haimo humo. Kwa hiyo hiyo ni listi ya bloku zilizoandikwa. Alafu Russell mpira aliouzuia alikuwa haupigi kwenda jukwaani, anaugusa ubaki ndani wenzake wauchukue na kukimbia. Vijana wangu wakibloku mpira ukatoka nje wanashangilia, na mpira unarudishwa kwa wapinzani wale wale.

"Pete 11 za ubingwa za Russell hazihesabiki, timu zilikuwa nane."

Zilianza nane na alipostaafu zilikuwa 14, ila timu chache maana yake nafasi chache na vipaji vimebanana, kila wiki unakutana na wakali wale wale ambao wamekusoma. Celtics hawakuwa na ubingwa hata mmoja kabla Russell hajafika mwaka 1956. Wakachukua 11 katika misimu 13. Kastaafu 1969, msimu uliofuata hawakufika hata mtoano. Mbili za mwisho alizichukua akiwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja. Mi sijui mnataka ushahidi gani zaidi ya huo. Kwamba alifunga wastani wa pointi 15 tu najua, hakuwa na kazi ya kufunga.

"Wa zamani walicheza na watu wa kawaida, leo wasingeweza."

Kareem ndo jibu. Kacheza na Wilt mwanzoni mwa miaka ya 1970, kacheza na Hakeem na Patrick Ewing miaka ya 1980, na kote alikuwa Kareem yule yule. Kama Wilt alikuwa anaonea watu wa kawaida basi mwambieni na masenta wenzake wa enzi hizo, Nate Thurmond, na Walt Bellamy aliyefunga wastani wa pointi 31.6 msimu wake wa kwanza, na Russell mwenyewe.

"Hakeem kabahatika kuchukua ubingwa 1994 na 1995, Michael Jordan alikuwa hayupo."

1995 Jordan alikuwa amesharudi, Orlando ya Shaq ikamtoa, na Houston ya Hakeem ikaifunga hiyo Orlando 4-0 kwenye fainali ikiwa imeingia mtoano kutoka nafasi ya sita. Hii tusiendelee nayo.

"Nikola Jokic wa Denver haruki, hawezi kukaa na hawa."

Chaguo la 41 mwaka 2014, MVP mara 3, ubingwa wa kwanza katika historia ya Denver mwaka 2023, na msimu wa 2024-25 akawa senta wa kwanza kumaliza msimu na wastani wa tarakimu mbili kwenye pointi, ribaundi (mipira iliyokosa ringi anayoidaka) na asisti (pasi za kufungisha). Haruki kweli. Rudini juu mkasome tena pale kwenye miguu.

"Wilt alifunga 100, mjadala umeisha."

Machi 2, 1962, Hershey, Pennsylvania, dhidi ya Knicks ya New York, pointi 100 kwenye mechi moja, na msimu ule wastani wake ulikuwa pointi 50.4, namba ambayo sidhani kama kuna mtu ataigusa. Ila MVP wa msimu huo huo alikuwa Russell, na waliopiga kura enzi hizo walikuwa wachezaji wenyewe, watu waliokuwa wanakabana na wote wawili. Waliona kitu. Mi kwenye tano bora yangu namuweka Kareem, Russell, Hakeem, Wilt, Shaq, na Wilt ninaemuweka hapo sio wa 1962 kabisa. Ni wa 1966-67, alipopunguza kurusha mpaka wastani ukashuka kwenye pointi 24, asisti zikapanda karibu na 8 kwa mechi, mitupo yake ikaingia asilimia 68, timu yake Philadelphia wakashinda mechi 68 na kupoteza 13, na kwenye mtoano wakaitoa Boston 4-1 baada ya Boston kutwaa ubingwa miaka minane mfululizo. Anaetaka kunishawishi Wilt apande juu ya Hakeem aniletee gemu za mwaka ule, nitakaa nae tuziangalie mpaka usiku.