Bunduki Marekani: wengi hawafi katika mashambulizi ya halaiki

Kila risasi zinaporindima shuleni au dukani Marekani, mabishano huanza upya: Wademokrati wakitaka sheria kali, Warepublican wengi wakitetea Marekebisho ya Pili ya Katiba, yanayolinda haki ya kumiliki silaha. Kwa kuwa habari hizo ndizo zinazotufikia, wengi huamini kwamba vifo vya bunduki huko husababishwa hasa na watu wanaofyatulia umati risasi. Sivyo.

Mwaka 2021 bunduki ziliua watu 48,830 nchini humo. Zaidi ya 26,000 kati yao walijiua. Waliouawa na watu wengine walikuwa takriban 21,000, wengi kwa bastola, na mashambulizi ya halaiki ni sehemu ndogo sana ya hao.

Hili la kujiua linaniuma kwa sababu linazuilika. Wimbi la kukata tamaa mara nyingi hupita, na wengi walionusurika jaribio la kujiua hawafi kwa kujiua baadaye. Bastola yenye risasi kwenye droo ya chumbani haimwachii mtu nafasi hiyo. Ndiyo maana silaha kufungiwa kwenye kasha, na risasi kuwekwa kando, huokoa maisha.

Hapo hata pande zinazohasimiana zimewahi kukutana. Florida, mwaka 2018, gavana Mrepublican Rick Scott alisaini sheria inayomruhusu hakimu kuamuru silaha ichukuliwe kwa muda kutoka kwa mtu aliye hatari kwake mwenyewe au kwa wengine. Na Colorado yapo maduka ya bunduki yanayokubali kumtunzia mtu silaha yake hadi atulie.