Kwa nini rekodi ya dawa Marekani husita kuvuka mpaka wa jimbo?

Katika mji wa Bristol kuna barabara inayoitwa State Street, na mpaka wa majimbo mawili umepita katikati yake. Maduka ya upande wa kaskazini yako Virginia, ya upande wa kusini yako Tennessee. Wenyeji huvuka kwenda kununua mkate na kurudi bila kuwaza kwamba wametoka jimbo moja na kuingia jingine. Lakini mgonjwa aliyeandikiwa oxycodone upande huu na alprazolam upande ule alikuwa, kwa miaka mingi, watu wawili tofauti machoni pa kompyuta za serikali.

Tuanze na hatari yenyewe. Oxycodone ni dawa kali ya maumivu, ya ukoo mmoja na mofini. Alprazolam, ambayo wengi huijua kwa jina la Xanax, hutuliza wasiwasi. Zikikutana mwilini zinaweza kupunguza pumzi hadi ikakatika mtu akiwa usingizini. Daktari anayeandika ya pili anahitaji kujua kama ya kwanza ipo. Anaweza kumuuliza mgonjwa, naye mgonjwa anaweza kusahau, kuona haya, au kudanganya. Ndiyo maana majimbo yakaanzisha madaftari ya kielektroniki ya dawa zinazodhibitiwa, yanayojulikana kwa herufi PDMP.

Kinachoingia humo si dawa zote. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 ilizipanga dawa zenye hatari ya uraibu katika madaraja matano, na hizo ndizo zinazofuatiliwa: za maumivu za jamii ya afyuni, za usingizi na wasiwasi, za kuchangamsha ubongo. Dawa ya presha au ya malaria haimo. Nebraska peke yake iliamua, kuanzia 2018, kukusanya taarifa za kila dawa inayotolewa kwa cheti cha daktari. Mfamasia akishampa mgonjwa dawa, kompyuta ya duka hutuma jina lake, tarehe ya kuzaliwa, anwani, aina ya dawa, nguvu yake, idadi ya vidonge, ni vya siku ngapi, daktari aliyeandika, na hata namna malipo yalivyofanyika. Hilo la malipo lina maana yake, kwani anayelipa taslimu hali ana bima huzua maswali. Majimbo mengi hutaka taarifa ifike ndani ya siku moja. Oklahoma, tangu 2012, inataka ndani ya dakika tano.

Sasa, kwa nini kila jimbo na daftari lake? Kwa sababu Marekani leseni ya daktari na ya mfamasia hutolewa na jimbo, si na Washington. Serikali kuu inasimamia biashara ya dawa hizi kupitia shirika lake la kudhibiti dawa za kulevya, DEA, ila uhusiano wa daktari na mgonjwa ni mambo ya jimbo. California ilianza kukusanya nakala za vyeti mwaka 1939, kwenye karatasi, na wengine wakafuata kila mmoja kwa wakati wake na kwa sheria zake.

Kesi moja ya zamani inaeleza kuliko maelezo yote ya kiufundi. Mwaka 1972 jimbo la New York lilipitisha sheria kwamba cheti cha dawa za daraja la pili kiandikwe nakala tatu: moja ya daktari, moja ya mfamasia, ya tatu iende idara ya afya mjini Albany. Wagonjwa na madaktari walikwenda mahakamani wakisema siri za watu zitavuja. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu ya nchi, likijulikana kama Whalen dhidi ya Roe, na mwaka 1977 majaji wote waliipitisha sheria ile. Soma hukumu yao uone walivyokieleza chumba chenyewe. Fomu zipatazo 100,000 kwa mwezi ziliingia pale, zikapangwa na kuhamishiwa kwenye kanda za sumaku. Chumba kilizungushiwa uzio wa waya na king'ora. Kanda zilifungiwa kabatini, na zilipotumika kompyuta ilitengwa kabisa, kusiwe na mashine ya nje inayoweza kusoma wala kuandika. Fomu zenyewe zilikaa miaka mitano kisha zikaharibiwa.

Yaani ulinzi uliowatuliza majaji ulikuwa ni ule wa kuzitenga taarifa hizo na dunia. Leo tunaziomba zisafiri. Kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo ugumu wa jambo zima, kuliko kwenye nyaya na programu. Daftari lililotungiwa sheria ya kufichwa haligeuki kuwa daftari la kushirikishana kwa kununuliwa kompyuta mpya. (Wauguzi wa kwetu Afrika Mashariki wanaoshika funguo za kabati la DDA, yaani la dawa hatari zinazofungiwa, wakihesabu ampuli za mofini na pethidini na kusaini kitabu kila zamu, wataielewa hisia hiyo upesi.)

Kilicholazimisha mambo yabadilike ni barabara kuu. Miaka ya 2000 zilizuka Florida kliniki zilizojiita za maumivu, ambazo kazi yake hasa ilikuwa kuuza oxycodone. Watu walitoka Kentucky, Ohio na West Virginia wakateremka kwa magari hadi huko, wakapanga foleni, wakarudi na vidonge vya kutumia na vya kuuza. Kentucky ilikuwa na mfumo wake, KASPER, tangu 1999, na ulisifiwa sana. Haukuona chochote. Dawa zilitolewa Florida, na Florida haikuwa na daftari linalofanya kazi hadi 2011.

Mwaka huohuo wa 2011 chama cha kitaifa cha bodi za famasia, NABP, kilizindua kituo cha kuunganisha majimbo kinachoitwa PMP InterConnect. Watu wengi hudhani kituo hicho ni ghala kubwa la majina ya wagonjwa wa nchi nzima. Sivyo. Kazi yake ni ya tarishi anayebeba bahasha iliyofungwa: daktari wa Tennessee anauliza, swali linasimbwa na kupelekwa Virginia, Virginia inaangalia sheria zake, inajibu au inakataa, jibu linarudi, na njiani hakuna kinachobaki. Kila jimbo huamua litabadilishana na nani. Ipo na njia ya pili, RxCheck, inayofadhiliwa na wizara ya sheria ya serikali kuu, na baadhi ya majimbo hutumia zote mbili. Njia mbili kwa kazi moja ni gharama mara mbili, lakini mwenye njia moja tu hana pa kwenda bei ikipanda.

Ramani hiyo ilibaki na shimo katikati: Missouri. Seneta wa jimbo hilo Rob Schaaf, ambaye mwenyewe alikuwa daktari wa familia, aliipinga PDMP ya jimbo zima kwa miaka kadhaa kwa hoja ya faragha. Kaunti ya St. Louis ikachoka kusubiri, ikaanzisha wa kwake mwaka 2017, na kaunti nyingine zikajiunga. Sheria ya jimbo zima ilisainiwa na gavana Mike Parson Juni 2021, mfumo wenyewe ukawaka mwishoni mwa 2023. Ni rahisi kumcheka Schaaf. Lakini swali lake, nani atasoma na kwa kibali gani, ndilo majimbo yote yanaendelea kulijibu hadi leo, kila moja kivyake.

Kuunganisha jimbo na jimbo kulikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuifikisha taarifa mbele ya daktari. Tangu sheria ya mwaka 2009 ilipotoa fedha kwa hospitali zinazoacha mafaili ya karatasi, daktari wa Marekani huishi ndani ya programu moja ya rekodi za wagonjwa. PDMP ilikuwa nje yake. Ili kuitazama ilimbidi afungue tovuti nyingine, aandike nywila nyingine, aingize jina na tarehe ya kuzaliwa upya, asubiri, asome, arudi, huku mgonjwa amekaa mbele yake na wengine wako foleni. Sheria za majimbo mengi zikaja kulazimisha ukaguzi kabla ya kuandika dawa, Kentucky mwaka 2012, New York 2013. Shuruti ikaongezeka, mlango ukabaki mwembamba uleule.

Mifumo ikiunganishwa vizuri, faili la mgonjwa likifunguliwa swali huwa limeshatumwa lenyewe. Ripoti inafunguka kwa bonyezo moja na hesabu ya kulinganisha nguvu ya dawa na ya mofini imeshafanywa: oxycodone miligramu 10 mara nne kwa siku ni miligramu 40, zidisha kwa 1.5, sawa na mofini miligramu 60. Mwongozo wa mwaka 2016 wa CDC, shirika la serikali kuu la kudhibiti magonjwa, ulitaka daktari awe na tahadhari kuanzia 50. Kwa jicho moja anaona amevuka.

Kufika hapo si mchezo. Duka la dawa hutuma taarifa kwa muundo unaoitwa ASAP. Majimbo huulizana kwa muundo mwingine, PMIX. Mifumo ya hospitali ina miundo yake mingine tena, ama ya NCPDP ama ya HL7. Kila makutano panahitajika programu ya kugeuza huu kuwa ule, na kwa muda mrefu kilichofika mwisho wa safari kilikuwa ukurasa wa kusomwa kwa macho tu. Kompyuta ya hospitali haikuweza kuchukua jina la dawa kutoka ukurasa huo na kulilinganisha na dawa anayotaka kuandika daktari.

Halafu zinarudi sheria. Ripoti ikishaonekana, je, ihifadhiwe kwenye faili la mgonjwa? Majimbo mengine yanaruhusu, mengine yalikataza, na hofu yao ina msingi: ikibaki PDMP inalindwa na sheria kali ya jimbo, ikiingia kwenye faili inakuwa sehemu ya faili, na faili huombwa na bima, na mawakili, na hospitali nyingine. Tena, muuguzi msaidizi anayeruhusiwa kutazama kwa niaba ya daktari jimbo moja huenda haruhusiwi jimbo jingine, kwa hiyo swali lake linagonga mwamba mpakani, na kwenye skrini yake huja pengo tupu. Pengo hilo ni baya kuliko kukosa mfumo kabisa. Daktari mwenye haraka huweza kulisoma kama "hakuna dawa".

Lipo tatizo jingine ambalo mhandisi hawezi kulitatua, nalo ni kumjua mtu. Marekani haina namba moja ya mgonjwa kwa nchi nzima. Sheria ya HIPAA ya 1996 iliagiza ibuniwe, lakini muda mfupi baadaye Bunge likazuia wizara ya afya kutumia fedha kuifanyia kazi, nalo likaendelea kulirudia katazo hilo bajeti baada ya bajeti. Kwa hiyo kompyuta hulinganisha jina, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na anwani, na kukisia. Ikikosea upande mmoja, rekodi za mtu mmoja zinagawanyika. Ikikosea upande wa pili, unabebeshwa dawa za mtu mwingine. Kuna hata dawa za mbwa na paka: mnyama akiandikiwa dawa inayodhibitiwa, anayeonekana kwenye daftari anaweza kuwa mwenye mnyama.

Makosa haya yanauma zaidi tangu zilipokuja alama za hatari. Programu ya NarxCare, ya kampuni iitwayo sasa Bamboo Health, humpa mgonjwa alama kati ya 000 na 999 kutokana na historia yake. Mgonjwa wa saratani anayehudumiwa na mabingwa watatu katika miji miwili, kwa tarakimu tupu, anafanana na anayezunguka kutafuta vidonge. Alama ni mwanzo wa maswali, ila ikiwa imeandikwa kwa tarakimu juu ya skrini, ni nani atakayeuliza?

Je, yote haya yamesaidia? Vyeti vya dawa za jamii ya afyuni vilivyohudumiwa madukani vilifika kilele mwaka 2012, zaidi ya milioni 255, na kufikia 2020 vilikuwa vimeshuka hadi milioni 142. PDMP ina sehemu yake katika hilo, pamoja na miongozo mipya na kesi za mahakamani. Vifo vya kuzidisha dawa havikushuka katika miaka hiyo; vilipanda na kupita 100,000 kwa mwaka mnamo 2021, wengi wao kwa fentanyl ya magendo, dawa kali mno ya jamii ya afyuni. Hiyo haipiti kwenye kaunta ya mfamasia, na daftari lolote, liunganishwe vipi, halitaiona.

Kwa Waswahili walioko huko, suala la majina si la pembeni. Wakimbizi wengi, wakiwemo Wakongo, waliandikwa kwenye karatasi zao kuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari kwa kuwa siku halisi haikujulikana. Mohamed na Mohammed, Juma Ali na Ali Juma, tarehe ileile ya kuzaliwa, mtaa uleule: kompyuta inayokisia hapo ina kazi. Hakikisha jina limeandikwa duka la dawa kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Majimbo mengi humruhusu mgonjwa kuomba ripoti yake mwenyewe. Ukikuta humo dawa ambayo hukuimeza, kwa kawaida ofisi ya jimbo haiwezi kuifuta; atakayesahihisha ni duka la dawa lililoituma, kwa hiyo andika jina la duka na tarehe, kisha anzia pale.