Shule zikifungwa Marekani, watoto watakula wapi? Majibu kwa wazazi, na kwa wanaotaka kupika

Maswali haya huulizwa kila shule zinapokaribia kufungwa, na wazazi wanaozungumza Kiswahili huko Marekani. Wengi ni Wakongo waliopitia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kwa hiyo mambo ya posho na foleni hayahitaji kuelezwa kwao.

Mwanangu anakula shuleni bure. Likizo ndefu ikianza itakuwaje?

Kuna vituo vya chakula cha majira ya joto: kwenye maktaba, bustani za umma, makanisa, misikiti, hata shule zenyewe. Chakula cha mchana shuleni kina sheria yake tangu 1946, lakini ilionekana kwamba njaa haiendi likizo, na mwaka 1968 ukaanza mpango wa majaribio wa miezi ya joto. Ulifanywa wa kudumu mwaka 1975. Anayelipa ni Wizara ya Kilimo ya Marekani, USDA, kupitia jimbo lako. Anayestahili kula ni kila mwenye miaka 18 au chini yake. Kujua kituo kilicho karibu, uliza shuleni au piga simu 211, namba ya kuulizia huduma za jamii, na usisite kuomba mkalimani.

Niende na kadi gani?

Hakuna kadi. Najua ni vigumu kuamini kwa mtu aliyezoea kwamba bila kadi ya posho hupimiwi hata kikombe cha unga. Kwenye kituo cha wazi, yaani kinachopokea mtoto yeyote, mtoto anafika, anakaa, anakula. Hakuna anayeuliza kipato wala hati za ukimbizi.

Shuleni ni tofauti kidogo. Baadhi ya shule huwalisha wote bure, nyingine zinataka ujaze fomu ya kipato. Fomu hiyo haiulizi uraia. Inaomba tarakimu nne za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii (Social Security) ya mtu mzima anayesaini, na kama hana, anaweka alama kwamba hana. Ijaze, hata kama shule ya dada yako hawaijazi.

Kwa nini walinikataza kumfungia mdogo wake chakula apelekewe nyumbani?

Mama mmoja aliondoka kituoni amenuna kwa sababu hii, na simlaumu, maana kwetu kumnyima mtu kifungashio ni kama kumfukuza. Ila kanuni ndiyo hiyo: chakula kinaliwa palepale, na mtoto mwenyewe. Mzazi haruhusiwi hata kuonja kwenye sahani ya mtoto. Tangu 2023 yapo maeneo ya vijijini wanakoruhusiwa kuchukua na kwenda nacho. Mjini, mlete mdogo mtu naye apate sahani yake.

Sababu nyingine ni ya kiafya. Chakula cha moto kinatakiwa kibaki kwenye nyuzi 57 za Selsiasi au zaidi, na cha baridi kisizidi nyuzi 5. Kati ya hapo bakteria wanazaliana haraka, na kiti cha nyuma cha gari mwezi wa 7 ni mahali pazuri sana kwao.

Wangu wananenepa, hawana njaa. Kuna haja ya kuwapeleka?

Swali zuri kuliko yote. Tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba watoto wadogo wa shule huongezeka uzito kupita kiasi zaidi wakati wa likizo kuliko wakati wa masomo. Sababu hazifichiki. Shuleni kuna kengele ya kula na kengele ya kuacha kula. Nyumbani, wazazi wako zamu kiwandani, mtoto amelala saa nane usiku, anaamka adhuhuri, na kilicho karibu na mkono wake ni soda na chipsi za pakiti. Tumbo linajaa, lakini chuma, kalsiamu na nyuzinyuzi hazimo.

Sahani ya mchana kituoni lazima iwe na maziwa, nafaka, kitu cha protini, na aina mbili za matunda au mboga. Juu ya hapo, mtoto ametoka nje, amekimbia, na kesho saa ileile atarudi.

Maziwa yakimsumbua tumbo, jambo la kawaida kwa watu wa asili yetu, ulizia yale yaliyoondolewa laktosi. Ya soya mara nyingi yanahitaji maandishi. Kama hamli nguruwe, au mtoto anadhurika na karanga, mwambie msimamizi siku ya kwanza kabisa.

Nimesikia kuna pesa pia?

Zipo, zinaitwa SUN Bucks, na zilianza majira ya joto ya 2024: dola 120 kwa kila mtoto anayestahili, za kununulia chakula tu. Si majimbo yote yaliyokubali mpango huu. Wanaopata SNAP, msaada wa serikali wa kununulia chakula, ile fudi stempu, kwa kawaida huingizwa bila kuomba. Mtego uko hapa: kama shule inalisha wote bure bila fomu, jina la mtoto linaweza lisiwe kwenye orodha yoyote, na hapo itabidi uombe mwenyewe. Zina tarehe ya kuisha, usiziweke akiba.

Jumuiya yetu ina jiko na kina mama hodari. Tunaweza kufungua kituo?

Mnaweza, lakini mwaka wa kwanza msijibebeshe mzigo wote. Tafuteni mdhamini aliyekwisha kusaini mkataba na jimbo, kama wilaya ya shule au benki ya chakula, muwe kituo chini yake. Anzeni kuulizia mwezi wa 1. Kituo cha wazi kinatakiwa kiwe mahali ambapo angalau nusu ya watoto wanastahili chakula cha bure au cha bei nafuu.

Kupika hakuwashindi. Kinachoangusha vikundi ni kuhesabu. Kila sahani inatiwa alama wakati inapokabidhiwa mtoto, si jioni kwa kukadiria. Malipo yanakuja baadaye kwa idadi ya sahani, na ile iliyokosa kitu kimoja hailipwi.

Wali na maharage unakubalika: nusu kikombe cha maharage yaliyoiva kinatosha kama protini ya mchana, ila maharage hayohayo hayahesabiwi tena kama mboga. Wekeni mchicha na tunda. Kwa ugali kuwe na uangalifu, kwa sababu unga uliokobolewa usioongezwa virutubishi haukubaliki kama nafaka, lakini dona inakubalika.

Tena, msiache sufuria kubwa la maharage au wali lipoe lenyewe mezani hadi asubuhi. Mimineni kwenye trei za kina kifupi: chakula kishuke chini ya nyuzi 21 ndani ya saa mbili, kisha hadi 5 ndani ya saa nne zinazofuata. Wali uliolala nje una bakteria ambao sumu yao haiondoki ukiupasha moto.

Kijana wangu wa miaka 16 anasema kwenda huko ni aibu.

Mpeni aproni na karatasi ya kuhesabia sahani. Umri wake bado unamruhusu kula, na akishakuwa mhudumu ataketi na wenzake bila kubembelezwa.