Odomita Iliyochezewa: Dhana Potofu na Ukweli kwa Anayenunua Gari Lililotumika

Kilomita zinazosomeka kwenye odomita, yaani kihesabio cha umbali kilicho kwenye dashibodi, ni dai, sawa na muuzaji anaposema gari halijawahi kugongwa. Dai hupimwa. Anayeshusha kilomita anakuibia mara mbili: kwanza kwenye bei, kisha kwenye matengenezo, kwa sababu utalihudumia gari kwa ratiba isiyo yake mpaka kitu kikatike barabarani. Wizi huu unaendelea kwa sababu wanunuzi wengi wanaamini mambo ambayo si kweli, na wauzaji wasio waaminifu wanayajua mambo hayo vizuri kuliko mtu yeyote.

Dhana: Odomita ya dijitali haiwezi kurudishwa nyuma

Ni rahisi kuirudisha kuliko ile ya zamani. Odomita ya vigurudumu ilimlazimu mtu kufungua dashibodi, kuchomoa spidomita na kugeuza namba kwa mkono, na kazi hiyo iliacha alama: tarakimu zisizokaa kwenye mstari mmoja, mikwaruzo, skrubu zilizolika vichwa. Ya dijitali ni namba tu iliyohifadhiwa kwenye chipu ya kumbukumbu. Kwa magari mengine huandikwa upya kupitia soketi ya OBD, ile ambayo fundi huchomeka mashine ya kupima gari, iliyo chini ya usukani, kwa dakika chache, bila skrubu hata moja kuguswa. Kwa mengine dashibodi hutolewa na chipu kusomwa moja kwa moja. Kote huko, kioo cha dashibodi kinabaki kisafi na tarakimu zimenyooka.

Kuna mbinu nyingine inayowapita wengi: kifaa kidogo cha kuzuia kilomita, kinachochomekwa kati ya dashibodi na waya zake. Spidomita inafanya kazi kama kawaida, lakini odomita inahesabu nusu, robo, au haihesabu kabisa. Hapa hakuna namba iliyorudishwa nyuma, kwa hiyo hakuna rekodi ya zamani ya kuipinga. Kipimo chake ni rahisi. Andika kilomita kabla ya kuondoka, washa programu ya ramani kwenye simu, endesha kilomita 10 kamili, kisha soma tena. Tofauti ya mita mia mbili au tatu ni ya kawaida, hasa kama matairi si ya saizi ya kiwandani. Odomita ikisonga kilomita 5 pale ambapo simu imehesabu 10, shuka na usiendelee na mazungumzo.

Dhana: Fundi akichomeka mashine na isipotoa kosa, kilomita ni za kweli

Mashine inayosoma makosa ya injini haitafuti uongo wa kilomita. Lazima fundi aambiwe atafute nini na wapi.

Magari mengi ya kisasa hayahifadhi kilomita kwenye dashibodi peke yake. Kulingana na muundo, kompyuta ya injini, ya giaboksi, ya breki za ABS, ya mifuko ya hewa, na hata funguo za baadhi ya magari huwa na nakala au kumbukumbu inayohusiana na umbali. Mwambie fundi asome kila kompyuta peke yake na akuandikie namba anazoziona. Aangalie pia kumbukumbu za makosa ya zamani, kwa sababu baadhi ya kompyuta huandika kosa pamoja na kilomita lilipotokea. Dashibodi ikidai 74,000 huku kompyuta ya giaboksi ikikumbuka kosa la kilomita 131,000, mjadala umekwisha.

Kuna namba moja ambayo hata kisomaji kidogo kinachounganishwa na simu huweza kuionyesha: umbali uliotembea tangu makosa yafutwe mara ya mwisho. Magari mengi yenye OBD huihesabu ndani ya kompyuta ya injini, na kikomo chake ni kilomita 65,535. Tuseme odomita inasoma 48,000 na namba hii inasoma 61,000. Gari haliwezi kutembea 61,000 tangu makosa yafutwe ilhali halijawahi kufika 61,000 tangu lizaliwe. Ikisoma umbali mdogo sana, mathalani kilomita 12, haithibitishi kilomita za uongo, lakini inaonyesha kwamba mtu amefuta kumbukumbu muda mfupi kabla hujafika. Uliza ni nani na kwa nini.

Kingine cha kuomba ni saa za injini, kwa magari yanayozihesabu. Gawanya kilomita kwa saa upate mwendo wa wastani. Kilomita 90,000 kwa saa 2,400 ni wastani wa kilomita 37.5 kwa saa, jambo la kawaida kwa gari la mtu binafsi. Kilomita 60,000 kwa saa 5,200 ni chini ya 12 kwa saa. Ama gari hilo limekesha kwenye foleni huku injini ikinguruma, ama kilomita zimeshushwa. Kwa vyovyote vile, injini hiyo imechoka kuliko odomita inavyosema.

Tahadhari moja: namba zote zikilingana, si hati ya usafi. Mshushaji mwenye vifaa hubadilisha kompyuta zaidi ya moja, na baadhi ya kompyuta hupokea kilomita kutoka dashibodini, kwa hiyo hurudia uongo uleule. Namba zinazopishana ni ushahidi mzito. Zinazolingana ni sababu ya kuendelea kukagua.

Dhana: Kitabu cha sevisi kilichojaa mihuri kinatosha

Kitabu tupu hununuliwa, na muhuri huchongwa. Kikague kama hakimu. Je, wino ni uleule kwa miaka sita? Mwandiko je? Kurasa za mwanzo zimechakaa kuliko za mwisho, au zote ni mpya sawasawa? Magari halisi hufika sevisi na namba za ovyo: 29,640, kisha 41,215, kisha 50,870. Kitabu kinachosema 10,000, 20,000, 30,000 bila kukosea hata mara moja kinaonekana kimejazwa mezani kwa mkao mmoja.

Chenye thamani ni mnyororo wa tarehe na kilomita kutoka kwa watu wasiojuana: risiti za gereji, vyeti vya ukaguzi, karatasi za bima, risiti za matairi. Ziandike zote kwa mpangilio wa tarehe. Tuseme Machi 2019 ni 61,300. Aprili 2020 ni 84,150. Mei 2021 ni 108,900. Juni 2022 ni 71,400. Hapo huhitaji fundi. Lakini usitafute kushuka tu. Gari lililokuwa likitembea 23,000 kwa mwaka kisha ghafla 4,000 kwa mwaka, mikononi mwa mmiliki yuleyule mwenye kazi ileile, linahitaji maelezo. Piga simu kwenye gereji zilizotajwa, uwape namba ya chesisi, ambayo kwa magari mengi ina herufi na tarakimu 17, uulize walisoma kilomita ngapi siku hiyo. Tafuta namba ya simu mwenyewe. Usitumie ile aliyokupa muuzaji.

Fungua boneti na milango pia. Stika ya kubadilisha oili kwenye nguzo ya mlango, au ya mkanda wa taimingi kwenye kifuniko cha injini, husahaulika mara nyingi. Stika inayosema oili ibadilishwe kwa 145,000 kwenye gari la 80,000 haina tafsiri mbili.

Dhana: Ndani kukiwa kupya, gari halijatembea

Ndani husafishwa, hupakwa rangi, hushonwa upya. Unachotafuta ni vitu visivyolingana umri. Mpira mpya wa pedali ya breki kando ya pedali ya mafuta iliyolika. Usukani uliovalishwa ngozi mpya juu ya vitufe vilivyofutika alama. Kiti cha dereva kilichonyooka ilhali mkanda wake umechanika nyuzi kingoni. Vuta mkanda huo mpaka mwisho, kwa sababu wasafishaji wengi huishia pale unapoonekana. Kwenye kioo cha mbele, tazama dhidi ya jua: gari lililokula barabara ndefu huwa na vidoa vingi vidogo vya mchanga na kokoto, isipokuwa kioo kiwe kimebadilishwa.

Matairi husema mengi kwa mtu anayejua kuyasoma. Mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi jipya la gari dogo huwa na kashata za kina cha milimita 8 hivi. Gari la miaka minne lenye kilomita 28,000 lingepaswa kuwa bado na matairi ya kiwandani, yaliyotengenezwa muda mfupi kabla ya gari lenyewe. Likiwa na seti ya pili, nayo ikiwa imelika, omba sababu. Diski za breki nazo: pitisha kucha ukingoni. Ukuta mrefu uliojengeka pale ambapo pedi hazigusi ni wa gari lililosimamishwa mara nyingi sana.

Usimhukumu mtu kwa alama moja, hata hivyo. Gari la mafunzo ya udereva huchakaza klachi na pedali kwa kilomita chache, na dereva mmoja mwenye pete nene anaweza kumaliza usukani peke yake. Alama tatu zinazosema jambo moja ndizo za kuaminika.

Dhana: Wanaoshusha kilomita hushusha magari makuukuu

Faida kubwa iko kwenye gari jipya lililotembea sana: la kukodisha, la kampuni, la teksi. Lina miaka mitatu, umbo lake bado la kuvutia, na kilomita 180,000. Likiandikwa 65,000 hakuna anayeshangaa. Zaidi ya hapo, katika nchi nyingi gari jipya haliendi ukaguzi wa lazima mapema. Uingereza, kwa mfano, ukaguzi wa kwanza kwa kawaida huwa baada ya miaka 3. Anayeshusha kabla ya siku hiyo anaanzisha rekodi ya serikali ikiwa tayari ni ya uongo.

Dhana: Cheti cha ukaguzi ni uthibitisho wa kilomita

Cheti kinathibitisha namba iliyosomeka siku ile, basi. Nguvu yake iko kwenye kufuatana kwa vyeti. Ubelgiji ilielewa hivyo tangu 2006 ilipoanza Car-Pass: gereji zinawajibika kuripoti kilomita kila gari linapohudumiwa, na muuzaji lazima amkabidhi mnunuzi hati yenye historia hiyo. Uholanzi nayo ina rejesta ya kilomita, na Uingereza huruhusu mtu yeyote kuona bure kwenye mtandao historia ya ukaguzi wa gari kwa kutumia namba yake ya usajili. Gari likiwa limetoka nchi yenye mfumo wa namna hii, kutoutumia ni kujinyima haki yako.

Dhana: Ni kosa dogo la kibiashara

Ujerumani imelifanya jinai tangu 2005, na adhabu yake ni faini au kifungo cha hadi mwaka mmoja. Marekani ina sheria ya taifa dhidi yake tangu 1972, na bado mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo inakadiria kuwa magari zaidi ya 450,000 huuzwa kila mwaka yakiwa na kilomita za uongo. Kubadilisha dashibodi iliyoharibika si kosa, lakini muuzaji mwaminifu ana karatasi ya gereji yenye tarehe, namba ya zamani na namba mpya.

Na madhara si ya pesa tu. Chukua mkanda wa taimingi uliopangiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Odomita inasema 72,000, kwa hiyo mmiliki mpya anajihesabia 28,000 za amani. Ukweli ni 168,000, na mkanda ni uleule wa kiwandani: umepitiliza 68,000. Katika injini nyingi, pistoni na vali hutumia nafasi ileile kwa zamu, na mkanda huu ndio unaopanga zamu. Ukikatika kwenye mwendo, vali zinabaki wazi, pistoni inazigonga, zinapinda, na injini inazima gari likiwa katikati ya barabara, usukani na breki zikiwa nzito ghafla. Aliyeshusha kilomita alijua mkanda umefikia wapi. Wewe na waliokaa viti vya nyuma hamkujua.

Dhana: Muuzaji ni mtu mzuri, hakuna haja ya kuandikiana

Anaweza kuwa mzuri kweli na naye alidanganywa na aliyemuuzia. Ndiyo maana ya maandishi. Jihadhari na maneno "kilomita kama zinavyosomeka". Yanamwachia mnunuzi hatari yote. Afadhali mkataba useme: "Odomita inasoma kilomita 83,412 tarehe ya leo, na muuzaji anathibitisha kuwa kwa ufahamu wake hizo ndizo kilomita halisi za gari hili, na kwamba dashibodi haijabadilishwa." Piga picha ya dashibodi ikionyesha namba hiyo, na nyingine ya namba ya chesisi. Mtu anayekataa sentensi hiyo moja amekupa taarifa muhimu kuliko gari lenyewe. Malipo ya mwanzo, kama ni lazima, yaandikwe kuwa yanarudishwa endapo kilomita zitabainika si za kweli.

Ukigundua baada ya kununua, usimruhusu mtu "kurekebisha" namba, kwani ushahidi wako utafutika. Hifadhi majibu ya kila kompyuta yakiwa na tarehe, kusanya risiti za gereji za zamani, na umwandikie muuzaji kabla hujauza gari kwa mwingine. Ukiliuza bila kusema, kosa linakuwa lako. Wakati huohuo lihudumie gari kama lisilo na historia: badilisha mkanda wa taimingi na pampu ya maji, oili ya injini na ya giaboksi, maji ya breki, plagi na machujio, na upime unene wa diski ukilinganisha na kima cha chini kilichochongwa kwenye diski yenyewe. Kisha andika kwenye karatasi tarehe na namba inayosomeka siku hiyo, na kuanzia hapo hesabu kilomita za sevisi kutoka sifuri.