Sio madawa jamani, kwa nini watu wanachizika na jibini

Kila baada ya siku chache lazima mtu anitumie ile meseji, mnaijua, kwamba jibini ina madawa ya kulevya ndani yake na ndo maana mtu akianza kula hawezi kuacha. Wengine wanaituma kwa hasira kabisa kama vile mimi ndo nimeyaweka humo. Kazi yangu ni sayansi ya chakula, upande wa maziwa, nimeshinda miaka mingi kwenye matenki na vipima tindikali, kwa hiyo leo nimeamua kuandika mara moja tu ili siku nyingine nikiulizwa nitume linki nilale.

Tuwape kwanza haki yao wanaosema hivyo, manake hawakuota. Protini kubwa ya maziwa inaitwa kaseini, kwenye maziwa ya ng'ombe ni kama 80% ya protini yote, na ikikatwakatwa tumboni inatoa vipande vidogo ambavyo baadhi yake vinaweza kujishikiza kwenye vipokezi vilevile ambavyo mofini, ile dawa kali ya maumivu inayolevya, inajishikiza. Wanasayansi wa Ujerumani waliviandika mwaka 1979 vikapewa jina la kasomofini, na jina ndo lililoharibu kila kitu, ukishasikia mofini huwezi tena kusikiliza kinachofuata. Kinachofuata ni kwamba nguvu yake ni ndogo sana ukiiweka pembeni ya mofini yenyewe, na hata hivyo tumbo haliishii hapo, linaendelea kuvikata, kwa hiyo cha kupenya ukuta wa utumbo wa mtu mzima kikaingia damuni kikapanda hadi kwenye ubongo ni kama hakuna.

Ila mimi hoja yangu siku zote ni nyepesi zaidi ya hiyo. Kaseini hiyohiyo iko kwenye glasi ya maziwa. Sasa we umeshawahi kumuona mtu anaamka usiku wa manane kufungua friji anatafuta maziwa ya baridi huku mikono inatetemeka? Hayupo. Kama ni kaseini inayolevya basi maziwa nayo yangelevya, na watoto wote wangekuwa wanatafutiwa kituo cha kuacha.

Halafu kuna ule utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan wa 2015 ambao magazeti yaliushika yakakimbia nao. Watafiti waliwauliza watu ni vyakula gani vinawashinda kujizuia, piza ikatoka juu kabisa, na waandishi wakaona piza ina jibini, jibini ina kaseini, kaseini ina kasomofini, kesho yake kichwa cha habari ni jibini sawa na madawa. Kaseini haikupimwa kabisa kwenye ule utafiti! Na jibini yenyewe ikiliwa peke yake ilikuja nyuma ya chokoleti, chipsi na aiskrimu. Walichokisema kweli ni kwamba vyakula vilivyochakatwa sana, vyenye mafuta mengi na wanga wa haraka kwa pamoja, ndo vinavyowasumbua watu.

Haya, kama sio madawa ni nini? Mimi naona jibini ni maziwa yaliyoanza kumeng'enywa kabla hujayala. Shika hapo, manake karibu kila kitu kitamu kwenye jibini kinatokea hapo.

Anza na maziwa. Kama 87% yake ni maji, na ile kaseini inaelea humo ndani kwenye vidonge vidogo mno vyenye manyoya kwa nje (naita manyoya, picha ndo hiyo), na manyoya hayo yanafanya vidonge visukumane visigandane. Ukiweka reneti, ambayo asili yake inatoka kwenye tumbo la nne la ndama, kuna kimeng'enya ndani yake kinaitwa kimosini ambacho kazi yake ni kama ya kinyozi tu, kinanyoa yale manyoya. Vidonge vikishakuwa na upara havina cha kuvizuia, vinashikana, vinafanya wavu, mafuta yananaswa ndani ya wavu, maji yanachujwa yanaondoka na sehemu kubwa ya sukari ya maziwa. Ndama anafanya hivyo tumboni mwake ili maziwa yasimpite haraka, sisi tumemuiga tukafanya kwenye sufuria. Siku hizi kimosini kingi kinatengenezwa na vijidudu kwenye matenki, Marekani walikiruhusu mwaka 1990, kwa hiyo ndama wengi wamepumzika.

Lita 10 hivi za maziwa ya ng'ombe zinakupa kilo 1 ya jibini ngumu. Fikiria hiyo. Cheddar kwa mfano inakuwa theluthi moja mafuta na robo protini, ukiongeza chumvi ambayo lazima iwepo kwa sababu ndo inayowapanga bakteria nani aishi nani atoke, basi una kitu kidogo mkononi kilichobeba mzigo mkubwa. Na mafuta ya maziwa yana tabia moja nzuri sana, yanamalizika kuyeyuka kwenye nyuzijoto 35 hivi, chini kidogo tu ya joto la mdomo wako, ndo maana jibini inakuwa imara kwenye sahani ukiiweka kwenye ulimi inaanza kulegea yenyewe. Hujatafuna bado na tayari inakubembeleza.

Lakini mafuta na chumvi peke yake havielezi mambo, siagi yenye chumvi nayo ina vyote na hakuna anayeimega vipande akala hivihivi. (Sawa, najua wapo. Hatuwazungumzii leo.)

Kinachobadilisha mchezo ni kulaza. Protini nzima haina ladha ya maana, ni kubwa mno, ulimi hauisomi. Ndo maana jibini mbichi ya siku mbili inakuwa ya upole, ina kaugwadu kidogo na umaziwa basi. Sasa ukiilaza miezi, mabaki ya reneti na bakteria wanaendelea kuikata ile protini taratibu, vipande virefu vinakuwa vifupi, vifupi vinakuwa asidi za amino moja moja, yaani yale matofali yaliyojenga protini, na mojawapo ni glutameti. Hiyo ndo ile ladha ambayo Mjapani mmoja, Kikunae Ikeda, aliitoa kwenye mwani wa bahari mwaka 1908 akaiita umami, sisi wengine tulikuwa tunaijua bila jina, ile ladha ya supu iliyochemka vizuri mpaka unamung'unya mfupa. Kwenye ulimi kuna vipokezi maalumu vya kuisoma. Na jibini za kulazwa muda mrefu kama Parmigiano Reggiano, ambayo kwa sheria zake lazima ilale angalau miezi 12 na nyingi zinalala zaidi ya hapo, zina glutameti huru zaidi ya gramu 1 kwa kila gramu 100, ni kati ya vyakula vinavyoongoza duniani kwa hilo. Ukinyunyizia kidogo kwenye chakula kilichopooza kinaamka, sio uchawi.

Zile punje ngumu zinazokwaruza meno kwenye jibini kuukuu, ambazo watu wengi wanadhani ni chumvi au mchanga, mara nyingi ni fuwele za tairosini, asidi nyingine ya amino iliyoachwa kwenye ile kazi ya kukata. Mimi nikizikuta nafurahi kama mtoto, zinaniambia kazi ilifanyika.

Ni kazi inayoweza kukugeukia pia. Nikiwa mwanafunzi nilizidisha reneti kwa kufikiri nitaharakisha mambo, jibini ikaganda vizuri mno nikajisifu mno, miezi mitatu baadaye tunaikata ni chungu kama shubiri, kwa sababu protini ikikatwa ovyo inaacha vipande vya katikati ambavyo ni vichungu na bakteria hawakuwahi kuvimalizia. Ile jibini niliila mwenyewe kwa adhabu, nilifika nusu.

Twende kwenye harufu sasa, na hapa ndo napapenda kuliko kote.

Mafuta nayo yanakatwa. Yanatoa asidi fupifupi zinazoruka hewani, moja inaitwa butiriki, ambayo ipo pia kwenye matapishi, samahani kama unakula. Kwa upande wa protini kuna asidi moja ya amino ikivunjwa inatoa isovaleriki, na hiyo ni harufu ya miguu iliyoshinda kwenye soksi. Sio kwamba inafanana, ni yenyewe. Bakteria anayetengeneza ganda la rangi ya machungwa kwenye jibini kama Limburger, jina lake Brevibacterium linens, ana ndugu zake wa karibu wanaoishi kwenye ngozi yetu, katikati ya vidole. Mtafiti wa Kiholanzi Bart Knols aligundua kwamba mbu wa malaria, Anopheles gambiae, ambaye anapenda sana kuuma miguuni, anavutiwa pia na harufu ya Limburger. Mwaka 2006 wakampa yeye na mwenzake tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaokuchekesha kwanza halafu unakufanya ufikiri, ila jambo lenyewe sio mzaha, manake ukijua mbu anafuata harufu gani unaweza kumtegea.

Sasa mtu atauliza, inakuwaje kitu chenye harufu ya soksi na matapishi mtu anakifunga kwenye karatasi nzuri anakula akiwa amefumba macho? Jibu ni kwamba pua haiamui peke yake. Mwaka 2001 watafiti wawili waliwanusisha watu mchanganyiko wa hizo asidi mbili nilizotaja, mara wanaambiwa hii ni jibini ya Parmesan, mara nyingine wanaambiwa hii ni matapishi, chupa ni ileile. Walioambiwa jibini walisema sio mbaya, walioambiwa matapishi walikunja sura, na wengi hawakukubali hata kidogo kwamba walinusa kitu kimoja mara mbili. Mwaka 2005 wengine wakafanya kitu cha aina hiyo huku wanaangalia ubongo kwenye mashine, wakatumia jina cheddar na jina harufu ya mwili, na ubongo wenyewe ulibadilika kufuata jina. Ina maana mapenzi ya jibini kwa sehemu kubwa yanafundishwa. Ulianza na ile laini isiyonuka, ukashiba ukajisikia vizuri, mwili ukaandika kwamba harufu hii inakuja na shibe, ukapanda ngazi moja, na nyingine, leo unakula yenye ukungu wa bluu na unaisifia.

Na piza? Piza ni kesi yake. Kuna utafiti wa mwaka 2018 uliwaweka watu kwenye mashine ya kupima ubongo wakaonyeshwa picha za vyakula ambavyo wangeweza kuvinunua, vya mafuta, vya wanga, na vya vyote viwili, na hata pale kalori zilipokuwa sawa na watu wamesema wanavipenda sawa, vyenye mafuta pamoja na wanga waliviwekea pesa nyingi zaidi na sehemu ya ubongo inayoshughulika na kujipongeza iliwaka zaidi. Chakula cha asili chenye mafuta mengi na sukari nyingi kwa pamoja hakipo kwa wingi, maziwa ya mama ndo mfano wa karibu. Jibini kwenye mkate wa moto inairudisha ile jozi mezani. Ongeza ule mvuto wa mozzarella, jibini ya piza, yaani ile kuvutika kama uzi, ambao unakuja pale tindikali inapofikia kiwango fulani, kwenye pH (kipimo cha tindikali) ya 5.2 hivi, kalsiamu inayoshikilia wavu wa kaseini inapungua kiasi kwamba wavu ukipata joto unanyooka bila kukatika. Tindikali ikiwa pungufu ya hapo jibini inachanika, ikizidi inakuwa uji. Jibini nyingi za mimea zinashindwa hapohapo kwa sababu hazina kaseini, zina wanga na mafuta ya nazi, zinayeyuka ndiyo ila hazivutiki, na jicho linajua kabla ya mdomo.

Kitu kimoja nikiseme haraka, watu wazima wengi duniani, kama theluthi mbili, hawamudu vizuri laktosi, sukari ya maziwa, wakinywa maziwa mengi tumbo linanguruma. Ila laktosi nyingi inaondoka na yale maji na inayobaki bakteria wanaila, kwa hiyo jibini iliyolazwa wengi wao inawapita salama. Kule Poland kumechimbwa vyungu vyenye matundu vya zaidi ya miaka 7,000 iliyopita na mwaka 2012 vikapimwa vikakutwa na mafuta ya maziwa, yaani vichujio vya jibini, wakati watu wazima wa huko wengi bado hawakuwa na uwezo wa kumeng'enya maziwa mabichi. Walipenda jibini kabla hawajayaweza maziwa.

Na kama we hupendi, usikubali kuambiwa hujastaarabika. Huko Ufaransa kwenyewe watafiti waliwauliza watu mwaka 2016 ni chakula gani kinawachukiza na jibini ikakipita kila kingine, Ufaransa! Kitu kilekile kinachomwambia mmoja shibe kinamwambia mwenzake kimeoza, na kusema ukweli wote wawili wanasoma taarifa sahihi.

Wale wa meseji za madawa, fanyeni hivi. Chukua kipande cha jibini kuukuu, kitoe kwenye friji saa nzima kabla manake cha baridi harufu zake zimelala, bana pua kwa vidole kabisa, kisha tafuna. Utapata chumvi, ugwadu, ule umami, na ulaini, basi, kinaweza kuwa chochote. Halafu kabla hujameza achia pua.