Je, wajua kwa nini kuna chura anayetaga ndani ya kifuu?

Wahenga walisema kifuu ni bahari ya chungu, wakimkusudia yule mdudu. Kumbe chungu ana jirani. Katika misitu ya pwani ya Tanzania na Kenya yuko chura mdogo wa sentimita 2 hivi, kwa jina la kitaalamu Mertensophryne micranotis. Akitaka kutaga, mtoni haendi. Hutafuta maji ya mvua yaliyotuama kwenye tundu la mti, kwenye gamba tupu la konokono, hata kwenye kifuu kilichotupwa.

Kisa ni nini? Samaki. Mtoni kiluwiluwi ni kitoweo, lakini samaki gani ataingia kwenye kifuu? Ila usalama huo hauji bure. Maji yenyewe hayajazi kikombe, majani yanaoza humo, na hewa ni haba. Ndiyo maana kiluwiluwi wa chura huyu ana kitu kama taji kichwani, ngozi iliyotuna kuzunguka macho na pua, inayomwezesha kukaa juu ya maji na kuvuta hewa.

Sasa panda Amani, wilayani Muheza, kwenye milima ya Usambara Mashariki. Mvua ikikatika, vuta jani la mgomba pale linapokumbatia shina: maji ya baridi yatakumwagikia mkononi pamoja na takataka na wadudu. Chura wa Usambara aitwaye Hoplophryne rogersi hulelea watoto humo, na pia ndani ya mianzi iliyopasuka. Chakula je? Viluwiluwi wake hula mayai ya chura. Naam, ya chura.

Mbu nao wamo. Mabwana afya wa Tanga wakituambia tuokote vifuu uani wana haki, maana Aedes aegypti, mbu anayeeneza dengue, huzaliana humo. Mimi vya kwangu navifukia. Lakini kwenye matundu ya miti kuna mbu mwingine, Toxorhynchites, mkubwa na mwenye rangi za kumetameta. Kiluwiluwi wake huwinda viluwiluwi wa mbu wengine na kuwala. Akishaota mabawa hanyonyi damu kabisa, si dume si jike. Hunywa maji matamu ya maua. Huyo akitua ukutani kwako, weka kandambili chini.